Chifu Adam Sapi Mkwawa: kutoka kuamua kesi Kalenga hadi Bunge lililowaondolea machifu mahakama



Ukimtaja Chifu Adam Sapi Mkwawa kwa watu wa Iringa, wengi watakwambia mambo mawili. Kwanza, ndiye aliyepokea fuvu la babu yake, Mtwa Mkwawa, pale Kalenga mwaka 1954. Pili, amekaa kwenye kiti cha Spika wa Bunge miaka mingi kuliko mtu mwingine yeyote nchini. Yote mawili ni kweli. Lakini lipo la tatu ambalo halitajwi sana, na ndilo nataka tulizungumze leo. Huyu bwana, kabla ya yote, alikuwa mwamuzi wa kesi. Aliianza kazi hiyo akiwa kijana wa miaka ishirini, akaifanya kwa zaidi ya miaka ishirini. Halafu, yeye akiwa Spika, Bunge likapitisha sheria zilizoondoa kesi mikononi mwa machifu wote, na yeye mwenyewe akiwemo.

Kwa maoni yangu, ukifuata maisha ya mtu huyu mmoja utaelewa mahakama zetu zimetoka wapi vizuri kuliko kusoma mchoro wa ngazi za mahakama uliobandikwa ukutani. Na utaelewa kwa nini mpaka leo wananchi wengi wa kwetu, Iringa na Mbeya, wakishindwa kesi hukimbilia mlango usiohusika.

Haya, tuanze.

Adam Sapi alizaliwa mwaka 1920. Babu yake, Mkwawa, aliwapiga Wajerumani pale Lugalo tarehe 17 Agosti 1891, akapigana nao vita ya msituni kwa miaka, na tarehe 19 Julai 1898 akajiua kwa bunduki yake huko Mlambalasi ili asishikwe akiwa hai. Wajerumani wakakata kichwa chake. Enzi yao, mwenye neno la mwisho katika kesi za wenyeji alikuwa Bwana Shauri, ofisa wa kizungu wa wilaya, na chini yake maakida na majumbe. Aliyekutoza kodi ndiye aliyekupeleka kazi za shokoa na ndiye aliyekuhukumu viboko. Hapakuwa na mpaka kati ya utawala na hukumu.

Wakaja Waingereza baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Walianzisha Mahakama Kuu mwanzoni mwa miaka ya 1920, ikiwa na majaji wa kizungu na sheria za kizungu. Kisha akaja Gavana Donald Cameron na utaratibu wake wa kuwatawala wenyeji kupitia wakuu wao wenyewe. Mwaka 1926 ukoo wa Mkwawa ukarudishwa kitini, na Sapi, mtoto wa Mkwawa na baba yake Adam, akatambuliwa kuwa chifu wa Wahehe.

Sasa hapa naomba tuwe makini kidogo, maana ndipo penye fundo. Mwaka 1929 ilitungwa sheria mpya ya mahakama za wenyeji. Sheria hiyo ilizitoa mahakama za machifu kwenye uangalizi wa Mahakama Kuu na kuziweka chini ya watawala. Rufaa ikawa inapanda hivi: kutoka mahakama ya chifu unakwenda kwa DC, kutoka kwa DC unakwenda kwa PC, yaani mkuu wa jimbo, na ukiwa na nguvu na nauli bado, unakwenda kwa Gavana. Jaji humkuti popote katika njia hiyo. Mhehe wa Pawaga aliyeona kaonewa kwenye kesi ya ng'ombe alianza kwa DC mjini Iringa, na katika miaka ya Chifu Adam akitaka kusonga mbele ilibidi ampelekee PC, ambaye makao yake yalikuwa Mbeya, zaidi ya kilomita 300 kutoka Iringa. Na huyo PC hakuwa mwanasheria. Alikuwa mtawala tu, mwenye kazi ya kodi, barabara na mazao.

Kwa hiyo nchi moja ilikuwa na haki za aina mbili. Mzungu mwenye shamba Mufindi au Muhindi mwenye duka Iringa mjini hakupelekwa kwa chifu. Yeye alikuwa na mahakama za hakimu wa serikali, na juu yake Mahakama Kuu. Mwafrika alikuwa na mahakama ya wenyeji na ngazi ya watawala. Ila kwa kesi kubwa kama mauaji, hata Mwafrika alipelekwa mbele ya jaji, kwa sababu mahakama za machifu hazikuruhusiwa kugusa kesi ya kifo.

Huu ndio mfumo alioukuta Adam Sapi alipokalia kiti mwaka 1940. Kijana wa miaka ishirini! Hebu fikiria mamlaka aliyopewa. Kwanza alikuwa mtoa amri, maana sheria ya mamlaka za wenyeji ilimruhusu chifu kutoa amri kuhusu kilimo, pombe, moto, kuhama na mengineyo. Pili alikuwa msimamizi wa amri hizo, akiwa na wazagila wake, yaani wakuu wa sehemu, pamoja na majumbe na matarishi. Tatu, aliyevunja amri alishitakiwa kwenye mabaraza ya wazagila, na rufaa yake ikaja kwa chifu mwenyewe. Juu ya hapo, ada za kesi na faini ziliingia kwenye hazina ya wenyeji, hazina ileile iliyolipa mshahara wa chifu na watumishi wake. Mihimili mitatu ya dola, utungaji wa sheria, utawala na mahakama, ilikaa kwenye kigoda kimoja.

Sisemi Chifu Adam alikuwa mwonevu, la hasha. Sizungumzii tabia yake, nazungumzia kiti. Mtu mwema akikalia kiti kibaya, watu wanapona kwa bahati ya wema wake. Akija mwingine asiye mwema, wamekwisha. Mfumo mzuri ni ule usiokutaka uombe Mungu akupe chifu mzuri.

Tukubali pia kwamba baraza la chifu lilikuwa na mazuri yake. Lilikuwa karibu. Mtu alijieleza kwa Kihehe, hakuhitaji mkalimani wala wakili. Wazee walikaa na kusikiliza, na walijua mipaka ya mashamba, nani alimzaa nani, na mahari ya nani haijaisha. Lengo mara nyingi lilikuwa kuwapatanisha watu ambao kesho yake watachota maji kisima kimoja. Wakoloni wenyewe waliliona hilo. Katika miaka ya 1930 hapahapa Iringa walifanya jaribio la kumkalisha mtaalamu wa mila, Gordon Brown, pamoja na DC Bruce Hutt, mmoja akiuliza maswali ya utawala na mwingine akitafuta majibu kwa Wahehe. Kitabu chao kikatoka mwaka 1935. Yaani utawala wa Uhehe ulichunguzwa na wageni kwa maandishi kabla wengi wetu hatujazaliwa.

Ndugu zangu wa Mbeya msidhani nimewasahau. Kwenu mambo yalikuwa tofauti. Uhehe ulikuwa na chifu mkuu mmoja, kazi ya babu na baba wa babu yake Adam. Usangu nao walikuwa na akina Merere. Lakini Rungwe kwa Wanyakyusa palikuwa na wakuu wengi wadogowadogo, kila mmoja na watu wake, hakuna aliyekuwa mfalme wa wote. Mwingereza akalazimika kuwateua baadhi yao na kuwaweka juu ya wenzao ili apate mahakama za kusimamia. Matokeo yake, jimbo moja la Nyanda za Juu Kusini lilikuwa na mabaraza ya kila namna, na mila zake mbalimbali, na mtu aliyevuka kutoka Uhehe kwenda Usangu au Rungwe alikuta sheria nyingine ya ndoa, nyingine ya urithi. Zidisha hilo kwa nchi nzima yenye makabila zaidi ya mia moja.

Mwaka 1951 Waingereza wakabadilisha kidogo. Ikatungwa sheria ya mahakama za mitaa, ikawekwa mahakama ya rufaa ya mtaa, na kule juu kabisa, badala ya Gavana, ikawekwa Mahakama Kuu ya Rufaa ya kesi za wenyeji kule Dar es Salaam. Lakini DC akabaki katikati ya ngazi kama mfupa kwenye koo. Chifu akawa anaamua, DC anamkosoa.

Katika hali hiyo ndipo likaja tukio la tarehe 19 Juni 1954. Gavana Edward Twining alifika Kalenga akamkabidhi Chifu Adam fuvu la babu yake, lililopatikana kwenye jumba la makumbusho mjini Bremen, Ujerumani. Kurudishwa kwa fuvu hilo kuliandikwa hata kwenye Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, lakini ilichukua miaka 35 kutimia. Siku ile Uhehe wote ulimwona Adam kama mjukuu wa shujaa. Serikali nayo ilitaka aonekane kama rafiki wa utawala. Machifu wengi wa wakati ule walikuwa kwenye hali hiyo ya kubanwa katikati. Walikuwa wakuu wa watu wao, na papo hapo watumishi wa Mwingereza.

Chifu Adam alikuwa ameshaanza kuzoea chumba kingine zaidi ya baraza lake. Alikuwa miongoni mwa Waafrika wa mwanzo kabisa kuteuliwa kwenye Baraza la Kutunga Sheria, mwishoni mwa miaka ya 1940. Uhuru ukaja tarehe 9 Desemba 1961. Mwaka 1962 Spika Abdulkarim Karimjee alipoondoka, akachaguliwa Adam Sapi Mkwawa, Mwafrika wa kwanza kukalia kiti cha Spika.

Sasa tulia hapa. Mwaka uliofuata, 1963, Bunge lilipitisha mambo mawili makubwa. La kwanza, sheria ya machifu ya mkoloni ikafutwa, na utawala wa machifu ukaisha. La pili, ikatungwa Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya mwaka 1963, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 1964. Mahakama za machifu na mahakama za mitaa zikafutwa. Badala yake ikawekwa ngazi moja kwa watu wote, mweusi, mweupe na Muhindi: Mahakama ya Mwanzo, Mahakama ya Wilaya pamoja na Hakimu Mkazi, halafu Mahakama Kuu. DC akatolewa kwenye ngazi. PC akatolewa. Kwa mara ya kwanza kesi ya ng'ombe ya Pawaga ikawa na njia ya kufika kwa jaji wa Mahakama Kuu bila kupita kwa mtawala yeyote.

Na Spika wa Bunge hilo alikuwa nani? Chifu wa Wahehe. Mtu aliyepoteza kiti cha kuhukumu alichoachiwa na baba yake, ndiye aliyekuwa akiongoza nyumba iliyokiondoa. Spika hatungi sheria peke yake, hilo najua. Serikali ya TANU ingeipitisha tu hata kama Spika angekuwa mtu mwingine. Lakini angeweza kujiuzulu akarudi Kalenga kukaa na hasira zake. Hakufanya hivyo. Alikaa kitini, akaendelea na kazi. Ndiyo maana mimi namheshimu zaidi kwa mwaka 1963 kuliko hata mwaka 1954. Fuvu alipewa kwa sababu ya damu yake. Kiti cha Spika alikikalia kwa sababu watu waliamini anaweza kusimamia mchezo bila kuucheza.

Ukiangalia vizuri, baraza la chifu halikufa lote. Mahakama ya Mwanzo ilirithi baadhi ya tabia zake. Lugha ni Kiswahili. Kwa miongo mingi mawakili hawakuruhusiwa kusimama humo, ili maskini na tajiri wasimame sawa. Na wazee wa baraza wakabaki. Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya mwaka 1984, nayo iliyotungwa Adam Sapi akiwa Spika, ilisema hakimu wa mwanzo akae na wazee wasiopungua wawili, na wakitofautiana wapige kura, wengi washinde. Yaani wazee wawili wangeweza kumshinda hakimu aliyesoma! Huko juu, Mahakama Kuu, wazee wa baraza walitoa maoni tu, jaji hakufungwa nayo. Lakini chini kabisa, karibu na kijiji, mzee alikuwa na kura. Kilichobadilika ni kwamba hakimu sasa hatozi kodi, hatoi amri ya kulima mihogo, na faini haiingii kwenye mfuko unaomlipa mshahara.

Mfumo mpya ulipata mtihani mkubwa, na mtihani wenyewe ulitokea Iringa. Tarehe 25 Desemba 1971, siku ya Krismasi, Mkuu wa Mkoa wa Iringa, Dk. Wilbert Klerruu, alipigwa risasi na kufa huko Isimani na mkulima Said Mwamwindi, katika ugomvi uliotokana na mambo ya mashamba na vijiji vya ujamaa. Mwamwindi mwenyewe aliubeba mwili kwenye gari la marehemu akaupeleka polisi Iringa mjini. Wadau, pima uzito wake. Aliyeuawa ni mwakilishi wa Rais mkoani. Aliyeua ni Mhehe, katika nchi ya Adam Sapi. Chama ni kimoja, na siasa ya ujamaa ndiyo roho ya serikali. Nchi nyingine mtu kama yule asingeiona mahakama.

Lakini Mahakama Kuu ilikaa Iringa mwaka 1972, Jaji Onyiuke, mtu wa Nigeria, akasikiliza. Utetezi ukajenga hoja ya kughadhabishwa na hoja ya akili kutokuwa sawa. Jaji akazipima akazikataa, akatoa hukumu ya kifo. Rufaa ikaenda Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki, iliyohudumia Kenya, Uganda na Tanzania kwa pamoja, nayo ikaikataa. Unaweza kuipinga adhabu ya kifo, mimi mwenyewe nina maswali nayo. Unaweza pia kuuliza kama hali ya siasa ya wakati ule iliruhusu hukumu nyingine. Lakini kesi ilisikilizwa hadharani, mshitakiwa akiwa na wakili, na haikuamuliwa na mkuu wa mkoa mpya wala na mtu yeyote wa ukoo wa chifu.

Mwaka 1973 Adam Sapi aliachia kiti, akakaa Erasto Mang'enya hadi 1975, kisha Chifu akarudi tena mpaka mwaka 1994. Katika kipindi hicho cha pili jengo la mahakama likapata paa. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977, na mahakama yake ya rufaa ikafa nayo. Ukishindwa Mahakama Kuu, ulikuwa huna pa kwenda. Mwaka 1979 Bunge likaanzisha Mahakama ya Rufani ya Tanzania. Mwaka 1984 Haki za Binadamu zikaingizwa kwenye Katiba, ingawa mahakama zilianza kuzitumia kwa kesi mwaka 1988. Jaji Mkuu wa miaka hiyo alikuwa Francis Nyalali, aliyeanza 1977 na kustaafu 2000. Mwaka 1992 vyama vingi vikarudi. Yote haya Adam Sapi akiwa Spika. Alifariki mwaka 1999, akarudishwa kwao Kalenga.

Mwaka mmoja baada ya kifo chake, mwaka 2000, Katiba ikaongezewa ibara za 107A na 107B, zinazosema mahakama ndiyo yenye kauli ya mwisho katika utoaji haki, na kwamba iko huru. Mwaka 2011 ikatungwa Sheria ya Uendeshaji wa Mahakama, ikaweka Mtendaji Mkuu wa Mahakama ashughulike na majengo, fedha na magari, ili jaji abaki na kesi. Mwaka 2021 sheria ikafanya Kiswahili kiwe lugha ya mahakama zote, si Mahakama ya Mwanzo peke yake. Kilichokuwa cha baraza la kijijini kikapanda hadi kwa jaji.

Je, mambo yamekwisha? Hapana.

Niliwahi kukutana na mzee mmoja kwenye benchi nje ya ofisi ya wilaya fulani ya Nyanda za Juu Kusini, nikamsalimu kwa heshima zote za mzee, tukaanza kuongea. Alikuwa na bahasha ya khaki. Ndani yake mlikuwa na hukumu ya Mahakama ya Mwanzo ya kesi ya mirathi ya marehemu kaka yake. Alikuwa ameshindwa. Alikuwa amekuja ofisini hapo mara tano kumwona mkuu wa wilaya ili amtengulie hukumu. Kila akija anaambiwa asubiri, mkuu yuko ziarani. Nikamwomba nisome. Tarehe ya hukumu ilikuwa imepita miezi miwili. Muda wa kukata rufaa kutoka Mahakama ya Mwanzo kwenda Mahakama ya Wilaya ni siku 30. Mahakama ya Wilaya yenyewe ilikuwa mwendo wa dakika kumi kwa miguu kutoka pale alipokaa. Nikamwelekeza kwamba bado anaweza kuomba kuongezewa muda, lakini sasa itabidi aeleze sababu za kuchelewa, na sababu ya kusema nilikuwa nakaa kwa DC si nzuri sana.

Yule mzee si mjinga jamani. Kichwani mwake ngazi ni ileile ya 1929. Ukishindwa barazani, unakwenda kwa DC. Alirithi ramani kutoka kwa baba yake, na hakuna aliyemwambia kwamba nyumba ilijengwa upya mwaka 1964.

Na tusimlaumu peke yake, maana watawala nao wanaichanganya hiyo ramani. Sheria ya Tawala za Mikoa ya mwaka 1997 inamruhusu mkuu wa mkoa au wilaya kuamuru mtu awekwe ndani hadi saa 48 akiona anahatarisha amani. Tumewaona wakuu wakiitumia kwenye mikutano ya hadhara, mbele ya kamera, kwa mtu aliyechelewesha mradi au aliyejibu vibaya. Mwananchi akiona hivyo atashindwaje kuamini kwamba DC ndiye hakimu mkubwa? Tena sheria ya mwaka 2011 iliweka kamati za maadili ya mahakimu za mkoa na wilaya, na wenyeviti wakawa wakuu wa mikoa na wakuu wa wilaya. Kamati hizo hazisikilizi rufaa, zinapokea malalamiko kuhusu mwenendo wa hakimu. Lakini hakimu kijana wa Mahakama ya Mwanzo, akipata kesi inayomgusa mkubwa wa wilaya, anajua nani ni mwenyekiti. Mfupa wa 1951 haujatoka wote kooni.

Najua kuna wadau mtasema enzi za machifu kesi zilikwisha haraka, hakukuwa na kuahirisha kila mara, hakukuwa na jalada kupotea. Nawaelewa. Kesi kukaa miaka ni dhuluma nayo. Ila dawa ya mahakama inayochelewa ni kuongeza mahakimu, majengo na usimamizi. Si kumrudishia mtawala rungu. Chifu Adam Sapi Mkwawa alikuwa na rungu hilo mkononi na mila, damu na jina kubwa kuliko la mkuu wa wilaya yeyote, na lilipoondolewa yeye alibaki kitini pake akiongoza mjadala. Waliokuja baada yake wakiwa na barua ya uteuzi tu wanaweza kuliacha pia.

Kwa hiyo kama una mzee nyumbani mwenye hukumu kwenye bahasha, muulize tarehe. Mwambie siku ni 30. Mwambie njia ni Mahakama ya Mwanzo, Mahakama ya Wilaya, Mahakama Kuu, ambayo siku hizi ina masjala Mbeya na Iringa pia, na mwisho Mahakama ya Rufani. Akiwa na malalamiko kuhusu hakimu mwenyewe, aanze kwa Hakimu Mfawidhi au Jaji Mfawidhi wa kanda.

Wenye kumbukumbu za mabaraza ya zamani, iwe Kalenga, Utengule au Tukuyu, uwanja ni wenu hapo chini. Hasa wale ambao wazee wao walikuwa makarani au wazee wa baraza, tuambieni mlichosikia.